Zilitoka Tano, Zikarudi Tano: Niliyowaambia Walinzi Kuhusu Risasi Zilizozeeka

Haya niliongea na walinzi wenzangu hapa Tanga. Wapo ambao hawakuja maana walikuwa lindoni, wakaniomba niwaandikie, kwahiyo nimeandika vilevile ilivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana, habari za malindo. Dada zetu nao leo nawaona mko wengi, karibuni sana. Najua nusu yenu mmetoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, macho yamewaiva, kwahiyo sitawapangia maneno, nitaongea kama tunavyoongeaga getini saa tisa usiku chai ikiwa imeshaisha kwenye chupa.

Hii niliyoshika ni risasi ya shotigani namba 12. Msiogope, baruti imetolewa na fataki yake imeshakufa, na kazi hiyo aliifanya fundi mwenye leseni yake, sio mimi na koleo nyumbani, na nimepewa kibali cha kuitumia kufundishia. Nitaipitisha kila mtu aishike. Ukiishika naomba uigeuze uangalie huku chini kwenye shaba, katikati utaona kiduara cha fataki, pale pini ya bunduki inapogonga, na ndani ya kiduara kuna kishimo kimeingia. Hicho kishimo ndo kimenileta mbele yenu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa nalinda ghala la mkonge na mzee mmoja ambae ndie alienifundisha hii kazi, mtu mzima, alishakuwa mgambo, mtu wa heshima zake. Ilikuwa mwezi wa nne masika imekolea, mvua ya Tanga mnaijua wenyewe, haidondoki inamwagwa. Wawili sisi tuna shotigani moja ya mtutu mmoja, ile ya kuvunja katikati, na risasi 5 kwenye mkanda. Saa nane na kitu tukasikia seng'enge inakatwa upande wa nyuma, mzee akatangulia na bunduki mimi nikazunguka upande wa pili na tochi na filimbi. Nilipowamulika walikuwa watatu, wana mapanga, mmoja keshaingia ndani. Mzee akapaza sauti simama, hakusimama mtu, akaelekeza mtutu juu ya vichwa vyao akavuta triga. Ikalia ta. Basi, ta, kama mtu kafunga kufuli. Na yule wa mbele akaisikia, maana mwizi aliezoea kazi yake anaujua ule mlio kuliko hata sisi, na kabla mzee hajavunja bunduki aweke nyingine panga likawa limeshashuka, akalikinga na mkono wa kushoto. Nilipuliza ile filimbi mpaka madereva wa malori waliokuwa wamelala barabarani wakaamka wakaja mbio, wezi wakakimbia.

Mzee alipona, lakini vidole vitatu vya ule mkono havikukunja tena.

Sasa sikilizeni kilichofuata maana hapa ndo pananiuma. Asubuhi wakaja wakubwa wa kampuni na daftari. Zilitoka risasi ngapi? 5. Zimerudi ngapi? 5. Ikawa imeisha. Kama zote zipo maana yake hukupiga, na kama hukupiga basi ama uliogopa ama wale watu unawajua. Mzee wa watu bandeji mkononi anaapa alivuta triga, daftari linasema hapana. Wiki ileile akaachishwa kazi.

Zile risasi nikakabidhiwa mimi. Siku kama ya nne hivi nimekaa nazifuta maana zilikuwa na matope, nikaigeuza moja nikaona kishimo, katikati kabisa ya fataki, kimezama kweli. Pini ilipiga, na ilipiga kwa nguvu zake zote, risasi ndo ilikuwa maiti. Ushahidi wote wa yule mzee ulikuwa umekaa kwenye kiduara kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho na hakuna mtu aliejisumbua kugeuza. Nikaipeleka ofisini nikaambiwa suala limeshafungwa. Mzee alifariki baadae nyumbani kwake, na mpaka anafariki hakuna aliemwendea kumwambia samahani. Ndo maana kila nikipewa nafasi kama hii naanza na hapo, kwamba daftari letu linahesabu risasi, halizikagui, na maisha yetu yamekaa katikati ya hayo mawili.

Haya, tuingie kwenye risasi yenyewe.

Chini kuna chuma cha rangi ya shaba, na katikati yake fataki. Juu ya fataki kuna baruti, juu ya baruti kuna kizibo cha plastiki, juu ya kizibo kuna marisau, zile gololi zinazotoka mtutuni, na hizi tunazopewa malindoni mara nyingi ni yale makubwa yanayoingia 9, kila moja lina unene wa milimita 8 na kidogo. Vyote hivyo vimefungiwa kwenye ganda la plastiki ambalo mdomo wake umekunjwa kama mtu alivyofunga pakiti ya karanga. Ukivuta triga pini inagonga fataki, fataki inatoa cheche, cheche inawasha baruti, gesi inasukuma kizibo na kizibo kinasukuma marisau. Ni mlolongo, na mlolongo ukikatika popote pale, umebaki na ta.

Watu wengi wananiuliza, kaka, risasi inaharibika baada ya miaka mingapi? Na mimi nawajibu swali halijakaa sawa. Ipo risasi imekaa kwenye boksi lake miaka 40, sehemu kavu yenye ubaridi, ukiipiga leo inalia vizuri tu. Na ipo ambayo imetoka dukani juzi juzi na tayari haifai. Nipigieni hesabu hapa. Kila asubuhi mnakabidhiana, risasi inatolewa kwenye bunduki, inahesabiwa, inarudishwa. Kila jioni vilevile. Mara 2 kwa siku ni mara 730 kwa mwaka. Lindo lenye risasi zilezile 5 kwa miaka 10 maana yake kila risasi imeingizwa na kutolewa mara 7,300. Hivi kiwanda gani kilitengeneza risasi ya kuingizwa chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa, mara 7,300? Risasi imetengenezwa iingie mara moja, ilie, itoke ganda. Sisi tumeifanya kuwa funguo ya geti.

Kwahiyo risasi zetu hazizeeki kwa kalenda, zinazeeka kwa mikono. Ukiingiza na kutoa ule mkunjo wa mdomo unaanza kufunguka kidogo kidogo, ukitikisa unasikia marisau yanacheza ndani, na siku nyingine unakuta risau limedondoka limebaki mfukoni. Ukingo wa chini unaliwa na ile kucha ya bunduki inayovuta ganda, unapinda, siku ya kuitoa kucha inateleza haishiki. Maandishi ubavuni yanafutika mpaka hujui tena ni ya ukubwa gani. Na zile shotigani za kupampu zenye bomba la risasi chini ya mtutu zina ugonjwa wake, spring'i inazibana risasi mle ndani mwezi mzima, miezi sita, mwaka, na plastiki inakubali kubanwa, risasi inafupika kidogo inavimba tumbo. Siku unapampu inafika mdomoni mwa chemba inagoma kuingia. Sasa hapo hata kwenye ta hujafika.

Alafu kuna jasho. Huu mkoa wetu una chumvi hewani, na mwanadamu anatembea na chumvi yake mwilini. Risasi inakaa mfukoni pamoja na sarafu, pamoja na simu, pamoja na leso iliyolowa. Zile za bei nzuri chini ni shaba ya kweli, inaota kutu ya kijani. Za bei rahisi nyingi chini ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, hicho kinaota kutu nyekundu kama bati, na ile kutu ina unene wake, risasi inaingia kwa kusukumwa, ukishapiga ganda linang'ang'ania ndani halitoki.

Msione kama tabu hii ni yetu peke yetu. Wamarekani walipoingia Vita Kuu ya Kwanza walipeleka shotigani kwenye mahandaki kule Ufaransa, Winchester ya modeli ya 1897, bunduki iliyowaudhi Wajerumani mpaka mwezi wa tisa mwaka 1918 serikali yao ikaandika malalamiko rasmi. Sasa bunduki ilikuwa kali, lakini risasi zake wakati ule ganda lilikuwa la karatasi. Karatasi, kwenye matope, kwenye mvua! Zikawa zinavimba haziingii chemba, askari anakabwa na risasi zake mwenyewe, ikabidi watengenezewe risasi ambazo ganda lote ni shaba. Ganda la plastiki kama hili limekuja baadae sana, mwaka 1960 ndo Remington wakaanza kuliuza. Plastiki imetusaidia kweli, maji hayalivimbishi. Ila plastiki haikuwahi kuahidi kwamba italinda fataki, wala haikuwahi kuahidi kwamba mdomo hautafunguka, na jua likiichoma mwaka baada ya mwaka inapauka inakakamaa, siku ya kupiga inachanika. Hii hapa mkononi mwenu ilikuwa nyekundu, sasa hivi inaelekea pinki. Rangi ikishaondoka hivyo na ganda lenyewe limeshachoka.

Na baruti nayo, hii tunayotumia siku hizi isiyo na moshi mwingi, inajila yenyewe taratibu. Sio maneno ya mtaani haya, ndo kemia yake ilivyo, inatoa tindikali kidogo kidogo na ile tindikali inazidi kuila baruti iliyobaki. Mfaransa mmoja Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, dunia nzima ikafurahi, na kumbe hapo hawajajua bado itazeekaje. Tarehe 12 Machi 1907 meli ya kivita ya Ufaransa inaitwa Iéna ikalipuka imekaa tu bandarini Toulon, wakafa watu zaidi ya 100. Miaka minne baadae, tarehe 25 Septemba 1911, palepale Toulon ikalipuka nyingine, Liberté, hiyo iliua karibu watu 300. Hakuna aliewapiga. Baruti iliyozeeka ndani ya stoo za meli, basi. Baada ya hapo ndo watengenezaji wakashika sana ile dawa ya kutuliza inayochanganywa kwenye baruti, kazi yake ni kuimeza tindikali kila inapotoka. Lakini dawa yenyewe ina kikomo, inatumika mpaka inaisha, na joto ndo linaimaliza haraka.

Naongea hivi kwenye nchi ambayo hatuhitaji kuelezwa na Mfaransa. Mbagala kule Dar tarehe 29 Aprili 2009, Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, tulizika watu, watoto walipotezana na wazazi wao usiku. Yale yalikuwa mabomu ya jeshi yaliyolipuka ghalani na hizi zetu ni risasi 5 za mkandani, silinganishi. Ninachosema ni kwamba kitu chenye baruti hakilali hata kikiwa kimefungiwa stoo. Sasa angalieni sisi tunapoziweka. Kibanda cha bati getini, saa nane mchana huwezi hata kuegemea ukuta. Kontena la chuma limegeuzwa stoo. Dashibodi ya gari ya doria. Boksi la risasi likikaa humo miaka mitatu linaweza kuwa limezeeka kuliko lile lililokaa miaka 20 sehemu ya ubaridi.

Nije kwenye namna zinavyokufanyia, na hapa naomba hata waliosinzia waamke.

Ya kwanza ni kugoma, ile ta. Ikigoma ukiwa kwenye mazoezi usivunje bunduki wala usipampu, weka mtutu uelekee sehemu salama uhesabu taratibu mpaka 30 na usipunguze, maana ipo risasi inayochelewa, fataki imeshika moto kivivu au baruti ina unyevu, unaitoa inakulipukia usoni nje ya chemba. Yule mzee wangu alitaka kuivunja palepale na nilivyokuja kujifunza baadae mwili ulisisimka, kumbe angeweza kupoteza macho juu ya mkono. Najua utaniambia kaka, nimevamiwa, hizo sekunde 30 nazipata wapi? Huzipati. Na hiyo ndo hoja yangu yote ya leo, kwamba kuitambua risasi mbovu ni kazi ya saa kumi na mbili jioni wakati wa kukabidhiana mkiwa na mwanga na akili imetulia. Saa nane usiku umeshachelewa.

Ya pili naiogopa kuliko zote. Unapiga, badala ya mshindo unasikia puu, kama mtu kakohoa kwenye ndoo, bega halisukumwi. Mtu anafurahi, afadhali imetoka, anapampu anaweka nyingine anapiga. Jamani, ile puu maana yake baruti haikuungua yote, na kizibo kinaweza kuwa kimekaa katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine juu yake gesi inakosa pa kwenda, mtutu unapasuka, na mkono wako wa kushoto ndo umeushika palepale. Ukisikia puu umemaliza kupiga. Toa risasi zote, fungua, angalia ndani ya mtutu kwa kuingiza mwanga upande wa nyuma, uone duara zima upande wa pili. Usipoliona duara zima hiyo bunduki inakwenda kwa fundi, hata kama msimamizi anapiga kelele.

Kuna nyingine inafanana na hiyo lakini haitokani na uzee, inatokana na maandishi kufutika. Shotigani namba 12 tundu lake ni milimita 18 na nusu, namba 20 ni 15 na nusu na kidogo. Ukiidondosha risasi ya 20 kwenye bunduki ya 12 inateleza inapita chemba inakwama mbele kidogo. Unachungulia, chemba tupu. Unasema nilisahau kuweka, unaweka ya 12 nyuma yake. Hapo sina haja ya kumalizia. Viwanda vingi 20 vinaitengeneza kwa ganda la njano kwa sababu hiyohiyo, lakini ganda likipauka njano ni ipi na nyeupe ni ipi? Risasi ambayo husomi maandishi yake usiiweke kwenye bunduki.

Na wenye zile bunduki za zamani za mitutu miwili mliorithi kwenye mashamba, muangalie chemba imeandikwa ngapi, 65 au 70, nyingine 76, ni milimita hizo. Risasi ya 70 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya 65 kwa sababu mdomo wake umekunjwa, ni ikifunguka ndo urefu wake unatoka na inabana njia ya kupitia marisau, presha inapanda. Kuingia peke yake sio ruhusa.

Nirudi kwenye kile kishimo, maana kina elimu kubwa. Risasi ikigoma, baada ya kusubiri na kuitoa salama, igeuze. Ukikuta kishimo ni kidogo, kama fataki imepapaswa tu, mgonjwa ni bunduki, pini imechakaa au spring'i imelegea au grisi imeganda mle ndani, na ukiweka risasi mpya kumi itagoma vilevile. Ukikuta kishimo kimezama vizuri katikati na bado haikulia, mgonjwa ni risasi. Hivyo tu. Ni uchunguzi wa sekunde mbili hauhitaji mtaalamu kutoka Dar, na ungemwokoa yule mzee kazi yake na jina lake.

Sasa nizungumzie jambo tunalolifanya sisi wenyewe, na sisemi kwa kulaumu maana najua linatoka wapi. Hiyo risasi mnayopitishana, mmeona ubavuni ina alama ya gundi imezunguka? Hiyo ni selotepu. Mlinzi aliona mdomo umeanza kufunguka akaifunga na selotepu, akaiweka katikati ya zile nyingine isionekane wakati wa kukabidhi. Kwanini? Kwa sababu kwenye lile lindo risasi ikiharibika mkononi mwako inakatwa kwenye mshahara wako. Basi kila mtu anaificha anampa mwenzake, mwenzake anaigundua nae anaificha, inazunguka zamu hadi zamu kama noti iliyochanika sokoni, mpaka imfikie mtu ambae ndo anaihitaji usiku huo. Na selotepu inaongeza unene, kwenye chemba ikapashwa joto gundi ikashika, kuja kutoka ilitolewa na fimbo ya kusafishia.

Wengine mnazianika juani eti zikauke. Unyevu ulioingia kwenye fataki umeshafanya kazi yake, unachoongeza ni joto kwenye baruti. Wengine mnapulizia yale mafuta mepesi ya kulegeza nati ili shaba ing'ae, na mafuta yale kazi yake ni kupenya, yanapenya pembeni ya fataki yanaiua kimyakimya na kwa nje inapendeza kabisa. Kitambaa kikavu kinatosha. Msasa hapana. Na kule mashambani nimesikia wapo wanaofungua maganda wakajaza upya kwa vichwa vya kiberiti na baruti ya gobore, hao nawaomba kwa jina la watoto wao waache leo.

Matajiri zetu na wasimamizi mliokubali kuja, nawashukuru, wapo wengine niliwaalika hawakuja. Naongea na nyie kwa heshima. Kumkata mlinzi pesa kwa risasi iliyochakaa ni kununua uongo. Umelipa ili ufichwe. Boksi moja la risasi mpya ukiligawa kwenye malindo yako kila mwaka sio gharama ya kufunga kampuni, na zile zinazotoka kwenye mkanda, ambazo zikikaguliwa bado ni nzima, zipelekeni kwenye mazoezi zipigwe, maana humu ndani nikiuliza nani amepiga bunduki mwaka huu mikono itakayonyooka naijua. Zilizopasuka, zenye kutu, zilizogoma, zile hazipigwi wala hazitupwi jalalani wala hazifukiwi, zinaandikwa, zinarudi stoo ya silaha, na kampuni inazikabidhi polisi. Nchi ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na risasi iliyogoma kwako inaweza kulia kwa mtoto wa jirani anaeigonga na jiwe.

Nimeshaongea sana, na hapo nyuma naona kuna watu jioni wanarudi lindoni. Niliomba kila lindo lije na daftari lake na risasi zake, na bunduki zote zimebaki kule kwenye chumba na mwenzetu anazilinda. Nimekuja na rula na kalamu nyekundu. Daftari zenu zina safu tatu, tarehe, idadi, sahihi. Leo tunachora ya nne, tunaandika HALI, na chini yake mlinzi anaandika alichokiona baada ya kugeuza kila risasi: fataki, mdomo, ukingo, kutu, maandishi. Ikiwa nzima andika nzima. Ikiwa na kishimo andika ina kishimo na usiku wa lini, alafu anaepokea nae asaini kwamba kakiona.

Tuanze na wewe dada wa mstari wa mwisho, ulieniambia asubuhi kwamba unayo moja haiingii mpaka uisukume na dole gumba. Njoo nayo hapa mezani, na daftari lako.